Kumchagulia Mtoto Mdogo Mfuko wa Kulalia Kambini

Mzazi akianza kutafuta mfuko wa kulalia wa mtoto, jicho lake hukimbilia namba ya baridi iliyoandikwa kwenye lebo. Huu unafaa hadi nyuzi 5 za Selsiasi, ule hadi sifuri. Namba inavyokuwa ndogo ndivyo moyo unavyotulia. Nimelala kwenye mahema na watoto kwa miaka kadhaa sasa, wanangu na wa ndugu zangu, na kama kuna jambo ningependa kila mzazi alijue kabla hajatoa pesa yake, ni hili: namba ile haikupimwa kwa ajili ya mtoto.

Kiwango cha kimataifa cha kupima joto la mifuko ya kulalia kinaitwa ISO 23537. Kilichukua nafasi ya kile cha Ulaya kilichoitwa EN 13537. Upimaji wenyewe unafanyika hivi: inachukuliwa sanamu yenye ukubwa wa mtu mzima, ndani yake mna vipasha joto, inavalishwa nguo za ndani, kisha inalazwa kwenye mfuko, juu ya mkeka, katika chumba chenye baridi. Wapimaji wanaangalia ni nguvu kiasi gani inahitajika ili sanamu isipoe. Hapo ndipo zinapotoka namba tatu. Ya kwanza ni ya starehe, yaani baridi ambayo mwanamke mzima wa kawaida anaweza kulala amejinyoosha bila kusumbuka. Ya pili ni ya kikomo, ambayo mwanamume mzima ataivumilia akiwa amejikunyata. Ya tatu ni ya hatari, na hiyo haizungumzii usingizi kabisa, inazungumzia kuponea chupuchupu.

Ona sasa: mwanamke mzima, mwanamume mzima. Mtoto hayumo. Kiwango chenyewe kinasema hakihusu mifuko ya watoto, kwa kuwa hakuna hesabu iliyokubalika ya kugeuza kipimo kile kiwe namba ya mwili wa mtoto. Kwa hiyo ukiona nyuzi zimeandikwa kwenye mfuko wa mtoto, ni makadirio ya mtengenezaji au ni hesabu ya mtu mzima iliyohamishiwa kwenye mfuko mfupi. Sisemi watengenezaji wanadanganya. Wengi wanafanya kazi nzuri na kwa uaminifu. Ninachosema ni kwamba namba hiyo inakuanzishia safari ya kufikiri, haikufikishi.

Mwili wa mtoto una mambo yake. Ukilinganisha ngozi na uzito, mtoto ana ngozi nyingi kuliko sisi, na joto hupotelea kwenye ngozi. Akiba yake ya joto ni ndogo kwa sababu mwili wenyewe ni mdogo. Kichwa chake nacho ni kikubwa kwa mwili wake, kwa hiyo kikiwa wazi usiku kinapoteza joto si haba. Na juu ya hayo yote kuna hili la kwamba hasemi. Mtu mzima akipigwa na baridi usiku anaamka, anatafuta sweta. Mtoto wa miaka mitatu au minne analia bila kujua analilia nini, au anasema ana kiu, au ananyamaza tu na kuendelea kulala huku mikono yake ikiwa ya baridi. Nimekutana na hayo yote, na huyo wa mwisho ndiye anayenifanya niamke alfajiri kumgusa.

Basi mimi nafanya hivi. Kwanza natafuta baridi ya chini kabisa inayotarajiwa huko tunakokwenda, ambayo kwa kawaida huja alfajiri, karibu na jua kuchomoza. Joto la mchana halinisaidii kitu. Kama utabiri ni wa mji ulio bondeni na kambi iko mlimani, napunguza: kwa wastani hewa hupoa takribani nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Usiku usio na mawingu huwa na baridi zaidi, na kwenye kibonde hewa baridi huteremka na kutuama, kwa hiyo hema lililopigwa juu kidogo ya kibonde mara nyingi hulala na joto kuliko lililo chini kabisa. Nikishapata namba yangu, natafuta mfuko ambao joto lake la starehe liko chini ya hapo kwa nyuzi 5 au zaidi. Ile namba ya kikomo na ile ya hatari, kwa mtoto sizisomi. Lebo ikiwa na namba moja tu bila kueleza ni ya starehe au ya kikomo, naichukulia kuwa ya kikomo.

Kuna wanaodhani dawa ni kununua mfuko mzito kuliko yote, ule wa milima yenye theluji. Mtoto akilala humo usiku wenye vuguvugu atatoka jasho, nguo zitalowa, na baridi ya alfajiri itamkuta na nguo mbichi mwilini. Tena mfuko mzito ni mgumu kwa mtoto kujigeuza. Joto linalozidi ni tatizo sawa na linalopungua, ila watu hawalizungumzii sana.

Nije kwenye urefu, maana hapa ndipo nilipojifunza mengi kuliko mahali pengine popote.

Kifungua mimba wangu alipokuwa na miaka minne, wifi yangu alituazima mfuko mzuri wa mtu mzima, wenye joto la kutosha kwa namba zote. Usiku wa kwanza mtoto aliingia kwa furaha, akajisukuma chini hadi akapotea mabega, kisha akaniita. "Mama, huku chini hakuna mwisho." Nikaingiza mkono wangu kupitia zipu ya miguuni. Kifuani pake mfuko ulikuwa na joto zuri. Lakini pale chini, mbali na vidole vyake, kitambaa kilikuwa cha baridi vilevile kama ukuta wa hema. Soksi zake zilikuwa kavu, na bado vidole vilikuwa vya baridi.

Sababu yake ni rahisi. Mfuko wa kulalia ni kama chupa ya chai: hauchemshi, unatunza tu kilichomo. Anayepasha joto ni mtoto mwenyewe, na kila nafasi tupu ndani ya mfuko ni hewa ambayo mwili wake mdogo unalazimika kuipasha. Mfuko wa mita mbili na zaidi kwa mtoto mwenye mita moja ni sawa na kumpa kazi ya watu wawili usiku kucha.

Usiku ule niliikunja sehemu ya miguuni, nikaipitisha chini ya mkeka wake ili isijifungue, na katika ile nafasi ndogo iliyobaki chini ya nyayo nikajaza nguo zake za kesho yake. Baada ya muda mfupi miguu ilirudisha joto. Na asubuhi nguo zilikuwa vuguvugu, jambo ambalo kwa mtoto asiyependa kuvaa kwenye baridi ni neema kubwa. Mpaka leo nafanya hivyo, hata kwa mfuko wenye urefu unaofaa.

Lakini baridi ya miguu si sababu kubwa kuliko zote ya kukwepa mfuko mrefu. Kubwa zaidi ni kwamba mtoto mdogo huteleza. Anajigeuza, anajisukuma, na katikati ya usiku unakuta kichwa kimeingia ndani na uso umefunikwa na kitambaa kinene. Hewa inakuwa nzito, na pumzi yake inalowesha kitambaa karibu na mdomo. Kwa mtoto wa umri wa kwenda shule mara nyingi atajitoa mwenyewe. Kwa mdogo zaidi, sitaki kubahatisha. Kwa hiyo kipimo changu ni urefu wa mtoto, kuongeza sentimita 15 hadi 20. Hiyo inatosha kujinyoosha na kukua kwa msimu mmoja au miwili, na haimwachii shimo la kuzama.

Siku hizi kuna mifuko inayorefushwa: sehemu ya chini imekunjwa na kufungwa kwa zipu au kamba, na mtoto akikua unaifungua. Hiyo naipenda sana na ndiyo ninayowashauri ndugu na marafiki, mradi ile sehemu iliyofungwa ifungwe kweli na isiachie njia ya mguu kupenya. Ukiwa dukani ingiza mkono wako ndani hadi mwisho, sukuma. Ukipenya, mguu wa mtoto nao utapenya.

Kuhusu umbo, mfuko unaobana kuanzia mabegani kwenda miguuni hutunza joto vizuri kuliko ule wa mstatili, kwa sababu ile ile ya nafasi tupu. Ila watoto wanatofautiana. Kifungua mimba wangu anajikunja ubavu na kutulia, mfuko mwembamba haumsumbui. Kitinda mimba anatupa mikono na kupiga mateke, na akihisi amebanwa analia hadi atolewe. Kwake nilitafuta mfuko mpana kidogo usawa wa magoti, na ile joto iliyopungua nikaifidia kwa nguo na kwa mkeka mzuri. Mfuko wenye joto ambao mtoto hakubali kukaa ndani yake haumkingi na chochote.

Na huo mkeka sasa. Watu wanatumia muda mwingi kwenye mfuko, kisha wanamlaza mtoto juu ya blanketi lililotandikwa kwenye sakafu ya hema. Kinachotunza joto kwenye mfuko ni hewa iliyonaswa ndani ya manyoya au nyuzi. Mtoto akilala juu yake, upande wa chini unagandamizwa, hewa inatoka, na hapo mgongo wake na ardhi vinatenganishwa na kitambaa kilichobonyea tu. Ardhi inanyonya joto usiku kucha bila kuchoka. Mikeka ya kulalia hupimwa kwa kitu kinachoitwa thamani R, na tangu 2018 kuna kiwango kimoja cha kupima, ASTM F3340, kinachowezesha kulinganisha mikeka ya watengenezaji mbalimbali. Namba ikiwa kubwa, kinga ni kubwa. Uzuri wake ni kwamba thamani hizo hujumlishwa: mkeka wa sponji wenye R ya 2 ukiwekwa juu ya mwingine wa 2, unapata 4. Kwa hiyo kama pesa ni ya kuchagua kati ya mfuko wa kifahari na mikeka miwili mizuri, mimi nanunua mikeka na mfuko wa wastani.

Godoro la kujaza upepo lisilo na kitu ndani lina sura ya kupendeza, lakini hewa iliyomo inazunguka na kupeleka joto ardhini. Ukitandika sponji juu yake, mambo yanabadilika. Tena watoto hubiringika. Mkeka wa peke yake kwa mtoto wa miaka mitatu utaukuta asubuhi uko kwake na yeye yuko kwingine. Sisi tunaunganisha mikeka yote ya hema pembeni kwa pembeni na kumlaza katikati, ili akibiringika akutane na mtu badala ya ardhi.

Zipu inahitaji kujaribiwa na mtoto mwenyewe. Iwe na kitasa kinachoshikika na vidole vidogo, na iwe na ukanda mgumu pembeni unaozuia kitambaa kisimezwe. Ndani yake pawe na kipande kinene kinachoziba mstari wa zipu, maana pale ndipo baridi inapopenya na ndipo kidevu kinapokwaruzwa. Mtoto aweze kujifungulia gizani, bila kuita mtu. Hilo kwangu ni sharti.

Sharti lingine ni kamba. Mifuko mingi ya watu wazima ina kofia inayokazwa kwa kamba ndefu yenye kibano. Ulaya, kiwango cha nguo za watoto, EN 14682, kinakataza kamba za kuvuta kwenye kofia na shingo za nguo za watoto wadogo kwa sababu ya hatari ya kunyonga. Hicho ni kiwango cha nguo, lakini shingo ni ile ile, na kwenye hema hakuna anayemtazama mtoto usiku kucha. Nachagua kofia yenye mpira ulioshonewa ndani. Mfuko ukija na kamba ndefu, naitoa kabisa kabla haujafika mikononi mwa mtoto, na mtoto analala na kofia ya sufu kichwani.

Cha kujazia ndani ya mfuko hakinisumbui kwa watoto wadogo. Manyoya laini ya bata au ya bata bukini ni mepesi na yana joto sana kwa uzito wake, lakini yakilowa yanasinyaa, hayatunzi tena joto, na hukauka taratibu mno. Nyuzi za poliesta ni nzito kidogo na zinachukua nafasi kwenye mkoba, ila zikilowa bado zinatunza joto kiasi, na nyingi zinafuliwa kwa mashine bila masharti mengi. Mtoto mdogo anayelala mahali pageni, akiwa amechoka na amekunywa maji mengi mchana, anaweza kukojoa hata kama nyumbani aliacha zamani. Usimgombeze, na usilale bila mpango. Sisi tuna suruali ya akiba, taulo, na shuka jepesi la ndani linalotoka na kufuliwa peke yake. Poliesta, basi, mpaka mtoto awe mkubwa wa kutosha kubeba mfuko wake mwenyewe na uzito uanze kuwa jambo la maana.

Haya yote ninayosema ni ya mtoto anayetembea, anayesema, na anayeweza kujitoa kwenye mfuko. Mtoto mchanga wa chini ya mwaka mmoja hana nafasi kwenye mfuko wa kulalia wa kambini, na asilale ndani ya mfuko mmoja na mzazi, kwa sababu anaweza kuzibwa pumzi au kupata joto kupita kiasi, na hana uwezo wa kujinasua. Yeye ana mfuko wake wa kuvaa, wenye matundu ya mikono na shingo, na analazwa chali kwenye sehemu bapa na ngumu isiyo na mito wala mablanketi. Joto la mifuko hiyo ya kuvaa hupimwa kwa kipimo kinachoitwa togi. Kama usiku utakuwa wa baridi kiasi kwamba mavazi hayo hayatoshi, mnasubiri msimu mwingine. Kambi haiondoki.

Na hili nalisema kwa msisitizo wote nilionao: hema likiwa baridi, usiingize jiko la mkaa wala la gesi kulipasha joto, hata kama moto umebaki makaa tu, hata kwa dakika chache. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na inaua watu waliolala. Ubaridi una dawa nyingine nyingi.

Dawa zenyewe ni za kawaida. Mtoto ale ashibe kabla ya kulala, maana chakula ndiyo kuni ya mwili. Aende haja. Avue kila alichocheza nacho mchana, hata kama kinaonekana kikavu, kwa sababu jasho liko ndani yake, kisha avae nguo kavu za sufu au poliesta, soksi zisizobana, na kofia. Pamba ikilowa hukaa na maji. Akishalala, usipime joto kwa kugusa mikono yake wala pua yake, maana hizo hupoa haraka hata mtoto akiwa salama. Pitisha vidole nyuma ya shingo, chini ya nywele. Pakiwa pakavu na pana joto, yuko sawa. Pakiwa na unyevu, amezidiwa na joto, fungua zipu kidogo. Pakiwa pa baridi, ongeza nguo au mlaze karibu nawe. Mtoto anayetetemeka bila kuacha, au aliyelegea na kuongea ovyo, huyo anahitaji joto na daktari mara moja.

Kabla ya safari yoyote, mfuko mpya unalaliwa nyumbani, sakafuni, kwenye mkeka ule ule tutakaoubeba. Kitinda mimba alipopewa wake alikataa katakata kuingia mchana kutwa, akaukalia tu. Usiku kaka yake alimwonyesha namna ya kutafuta kitasa cha zipu kwa kufuata mshono na kidole, taa zikiwa zimezimwa. "Shika hapa, mdogo wangu, usivute kwa hasira." Alirudia na kurudia mpaka akajua, na tangu hapo ule mfuko ukawa wake kweli. Rangi alichagua mwenyewe. Katika hilo sikumwingilia, maana mtoto aliyechagua mfuko wake huingia bila kubembelezwa.

Mifuko yetu haihifadhiwi ikiwa imekandamizwa kwenye vile vifuko vyake vidogo vya kubebea. Inatundikwa au kuwekwa kwenye mfuko mkubwa wa kitambaa ili nyuzi zisilegee. Na kabla ya kurithishwa kwa mtoto anayefuata, naufungua mfuko wote na kuuinua kwenye mwanga wa dirisha. Panapopenya mwanga pamekwisha, nyuzi zimehama au zimesagika, na mara nyingi huwa ni makalioni na miguuni. Mfuko wa namna hiyo unaenda kwenye safari za msimu wa joto pekee, na kwenye lebo yake nafuta ile namba ya zamani kwa kalamu ya wino, naandika mpya.